Deni Lililolipwa kwa Miguu

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Neno hili twalifahamu sote, mkulima anayedaiwa bei ya mbegu na karani anayedaiwa kodi ya nyumba. Lakini yapo madeni ambayo fedha haiyawezi, na mimi sikulijua jambo hilo mpaka mwezi wa Agosti mwaka 2019, nilipowasindikiza baba na mama yangu kwenda pwani kutembea na kukaa kwa rafiki zao wa zamani. Nataka kuieleza safari hiyo kama ilivyokuwa, kwa maana naamini wako wengi wenye wazee nyumbani, na kila mwaka huwaambia wazee hao, "Ngojeni mwaka ujao."

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule za msingi huko Bungoma kwa muda wa miaka 31. Alianza kazi mwaka 1974, akastaafu mwaka 2005 alipotimiza miaka 55, ambao ndio ulikuwa umri wa kustaafu kabla haujaongezwa kuwa miaka 60 mwaka 2009. Mama ni mkulima, na jembe halina siku ya kustaafu. Lakini magoti yalipoanza kumwuma ilimbidi kuwaachia vijana shamba, naye akabaki na kuku wake na bustani ya mboga. Katika miaka yote hiyo baba alifundisha historia na jiografia. Aliwafundisha watoto habari za Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na habari za ngome ya Fort Jesus, akaichora ubaoni kwa chaki mara nyingi zisizo na hesabu. Lakini bahari yenyewe hakupata kuiona hata siku moja. Tulikuwa watoto sita, na mshahara wa mwalimu ulikwisha kabla mwezi haujaisha.

Huko pwani baba alikuwa na rafiki mmoja, mwenyeji wa Rabai. Sitamtaja kwa jina, maana alikuwa mtu asiyependa kutangazwa. Nitamwita Mwalimu tu, kama sisi nyumbani tulivyomwita. Walikutana mwaka 1972 katika chuo cha waalimu, na vitanda vyao vilikuwa vikitazamana. Mmoja hakujua nazi, na mwingine hakujua wimbi. Baba alimfundisha mwenzake kusalimu, "Mulembe," na mwenzake akamfundisha kula samaki bila kumeza miiba. Walipomaliza masomo mwaka 1973 kila mmoja alirudi kwao, wakawa wanaandikiana barua. Mwaka 1981 Mwalimu na mkewe walikuja Bungoma, wakakaa siku kumi. Baba aliwapeleka kutazama maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia, na wake zao wakawa marafiki kuliko hata waume. Siku ya kuagana Mwalimu alisema, "Sasa zamu ni yenu." Zamu hiyo ilingoja miaka 38.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 tulipata habari kwa simu kwamba Mwalimu alipatwa na kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kulia haukuwa na nguvu, na ulimi ulikuwa mzito hata maneno yalimtoka kwa shida. Baba alikaa chini ya mwembe tangu adhuhuri mpaka jua likatua, wala hakusoma gazeti lake. Usiku alimwambia mama, "Nisipokwenda sasa, nitakwenda kumzika, na maiti haitikii salamu."

Mimi ni karani wa serikali, na mwaka ule nilikuwa na likizo ambayo sikuwa nimeichukua. Nikasema kwamba nitawapeleka. Lakini kwa kuwa nilijiona mtu wa kisasa mwenye kufahamu mambo, nilitoa shauri kwamba wazee wasiende kumlemea mgonjwa. Nilikwisha tafuta nyumba ya wageni karibu na bahari, yenye vyumba safi na chai ya asubuhi, na nilikwisha piga hesabu ya gharama zake kwenye karatasi. Nikamwonyesha baba hesabu ile. Aliisoma yote kwa miwani yake, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari, kisha akanirudishia akasema, "Hesabu yako ni sahihi. Lakini mimi nimealikwa na mtu, sikualikwa na kitanda." Mambo ya nyumba ya wageni yakaishia hapo.

Mama alifunga mzigo kwa siku tatu. Alitia unga wa wimbi, maharagwe, njugu, na chupa mbili za asali ya Mlima Elgon, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Alitaka kuchukua na jogoo, nikamweleza kwamba kuku hawapandi gari la moshi siku hizi. Hakuridhika, lakini alimwacha.

Tulisafiri usiku kwa basi mpaka Nairobi, na asubuhi tukafika stesheni ya Syokimau kupanda gari la moshi linalosimama njiani. Kabla ya kuingia, abiria wote huamriwa kuweka mizigo chini kwa mstari, na mbwa wa polisi wakapita wakiinusa. Mbwa mmoja alisimama kidogo mbele ya unga wa wimbi. Mama alishika mkono wangu kwa nguvu, akaninong'oneza, "Mwambie askari kwamba ni wa uji." Mbwa akaendelea na kazi yake, nasi tukapanda.

Reli ile ya kwanza, iliyojengwa na Waingereza, ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Hii mpya ilifunguliwa tarehe 31 Mei mwaka 2017. Baba alikaa dirishani kama mtoto wa shule, na kila tulipopita mahali alipopafundisha alinigusa goti. Tulipopita Emali alitafuta Mlima Kilimanjaro, ambao mmisionari Johannes Rebmann aliuona mwaka 1848, lakini mawingu yaliuficha. Tulipofika Tsavo alitaja simba waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Mama hakuwajali simba wale, alikuwa akihesabu ndovu. Aliwaona 11, wote wekundu kwa vumbi la nchi ile, akauliza kama ni kabila nyingine ya ndovu. Tukamweleza kwamba ni udongo tu. Akasema, "Basi hata ndovu huvaa nguo za kwao."

Alasiri tulishuka Miritini. Kijana wa Mwalimu alikuwa akitungoja na gari la kukodi. Tulipita Mazeras, kisha tukashika njia ya Rabai, katikati ya minazi, miembe na mikorosho. Nyumba ilikuwa ya matofali na mabati, na jiko lake la makuti nyuma. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni kwa mkongojo. Mkewe alituambia baadaye kwamba tangu saa nane alikataa kuketi, kwa kuhofu kwamba tutamkuta amekaa tukadhani hawezi kusimama. Baba alishuka, akavua kofia. Wakatazamana. Mwalimu akajaribu kusema, midomo ikatikisika, kisha neno likatoka vipande vipande: "Mu-le-mbe." Baba akaitikia, "Mulembe, Bwana Mwalimu." Akamshika mkono ule usio na nguvu, wala hawakusema neno jingine kwa muda. Mkewe ndiye aliyetuokoa, akasema kwa sauti ya furaha, "Karibuni, karibuni! Shemeji, umechelewa, lakini umefika." Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," akanitazama sana kuliko mgeni wa kawaida anavyotazamwa. Sikufahamu sababu yake siku ile.

Usiku tulikula wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Mama alikula pole pole akiichunguza nazi, maana hakuamini kwamba mboga yaweza kupikwa bila mafuta ya duka ikawa tamu vile.

Siku ya pili tulitembea Rabai yenyewe. Msomaji aliyepitia shule za misheni, kama mimi, atafahamu nilivyoona moyoni. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka uo huo mkewe, Rosina, akafariki pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 Rebmann alimfuata, nao wawili wakaja kukaa Rabai. Kazi kubwa ya Krapf ya kukusanya maneno ya Kiswahili ilitokea kuwa kamusi iliyopigwa chapa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Nyumba walizokaa wamisionari hao zaonyeshwa hata leo, pamoja na kanisa la zamani na mahali pa makumbusho. Baba alisoma kila maandishi yaliyokuwa ukutani. Mama aliuliza jambo moja tu: "Yule mama na mtoto wake walizikwa wapi?" Akaambiwa kwamba kaburi liko upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Akatikisa kichwa akasema, "Kuzaa ugenini, na kufa ugenini." Mke wa Mwalimu akamshika mkono, wakaenda kukaa chini ya mti wakati sisi wanaume tukiendelea kusoma tarehe.

Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Siku ya tatu alfajiri nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa mkekani na mwenyeji wake, akifundishwa kusuka makuti. Kuti lake la kwanza lilikwenda upande kama mlevi, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kuti la tano lilikuwa zuri. Kwa mtu aliyezuiwa na magoti kwenda shambani, ile ilikuwa furaha kubwa: kazi ya kukaa, yenye faida, pamoja na mtu wa kuzungumza naye. Nilikumbuka karatasi yangu ya hesabu. Katika nyumba ile ya wageni mama angekaa kitini akitazama bahari, akihudumiwa na vijana wasiomjua, na siku ya tatu angeomba kurudi nyumbani.

Siku ya nne tulikwenda Fort Jesus. Nilijaribu kumzuia Mwalimu asitoke, kwa kuwa kuna ngazi na jua kali. Mkewe akaniambia, "Mwache. Aliahidi mwaka 1981 kwamba yeye ndiye atakayemwonyesha." Basi tukaenda sote, kwa gari lile la kukodi, na kijana wake akamsaidia kupanda pole pole.

Baba alipoona ukuta wa ngome alisimama kabisa. Akasema, "Miaka 31 nimewachorea watoto ngome hii, na nimeichora ndogo kama boma la ng'ombe." Kisha tukaingia, na hapo nikaona jambo ambalo sitalisahau. Mwalimu aliijua ngome ile pembe zake zote, kwa maana aliwaleta wanafunzi wake huko mara nyingi. Lakini ulimi ulimkataa. Baba aliijua habari yake yote kwa vitabu. Lakini hakujua ni wapi lilipotukia lipi. Basi Mwalimu akawa anaonyesha kwa mkongojo, na baba anasema. Mkongojo ulipoelekea mlangoni, baba alieleza kwamba Wareno walianza kujenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mkongojo ulipoelekea ndani, alieleza jinsi Sultani Yusuf bin Hasan alivyomwua kapteni wa Wareno mwaka 1631 akaitwaa ngome. Tuliposimama mbele ya vyombo vilivyotolewa chini ya maji, kutoka merikebu ya Wareno iliyozama mwaka 1697, alieleza namna Waarabu wa Oman walivyoizingira ngome tangu Machi mwaka 1696 mpaka Desemba mwaka 1698, na jinsi njaa na maradhi yalivyowamaliza waliokuwa ndani.

Mahali pamoja Mwalimu alionyesha vyumba vidogo, na baba akanyamaza, hakukumbuka. Mwalimu akakaza uso, akajitahidi, akasema, "Je-la." Ndipo baba akapiga kofi la furaha, akasema, "Naam! Jela! Tangu mwaka 1895 mpaka mwaka 1958, Waingereza waliifanya jela, na baada yake ikawa makumbusho." Wageni wachache waliokuwa karibu walianza kutufuata wakisikiliza. Msichana mmoja wa shule aliandika kwenye daftari. Alimwuliza baba kama wao ni watembezaji wa watalii. Baba akamjibu, "La, binti yangu. Sisi ni mwalimu mmoja."

Tulipotoka niliwanunulia madafu, wakakaa kivulini, wakatazama mkono wa bahari mbele ya ngome na vyombo vinavyopita. Baba alisema kwamba ngome ile mwaka 2011 iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na Mwalimu akatikisa kichwa kwa fahari kama kwamba ni yeye aliyeandikwa.

Siku ya tano tulivuka daraja la Nyali. Tulipita Kengeleni, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, mji uliowekwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kengele ile ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu kwamba wafanya biashara ya watumwa wanakuja. Kisha tukafika ufuo wa watu wote huko Bamburi. Mama hakutaka kukaribia maji, kwa maana alikumbuka habari ya feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili mwaka 1994, wakafa watu 272. Habari ile tuliisikia redioni nyumbani, na mama hakuisahau. Baba alikunja suruali, akaingia mpaka magotini. Aliteka maji kwa kiganja akayaonja, akayatema upesi. Akageuka akatuambia, "Ni kweli ni ya chumvi," kama mtu aliyekuwa akishuku mtaala kwa miaka mingi. Hatimaye mama alitia miguu, akaijaza chupa ndogo maji ya bahari, akaifunga katika leso awapelekee wajukuu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Usiku wa mwisho, baada ya chakula, nilitia fedha katika bahasha. Niliona ni haki: tumekula wali wao, tumelala vitanda vyao, na nyumba ina mgonjwa anayehitaji dawa. Nikamfuata mke wa Mwalimu jikoni, nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikasema, "Mama, pokea kidogo hiki kwa usumbufu wetu." Aliipokea, akaipima mkononi, kisha akanirudishia. Akaniuliza, "Baba yako hakukwambia?" Nikajibu kwamba sijui anasema habari gani. Akaketi juu ya kigoda akanieleza.

Mwezi wa Januari mwaka 2001 niliitwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya misheni. Mwezi uliotangulia mama yangu alikuwa amepasuliwa hospitalini, na fedha zote za nyumbani zilikwisha. Baba alimwandikia rafiki yake barua, si kwa kuomba, bali kwa kuhuzunika tu, kama mtu anavyomweleza ndugu yake. Siku zile hapakuwa na M-Pesa, ambayo ilianza mwaka 2007. Baada ya majuma mawili hawala ya posta ya shilingi 12,000 ikafika Bungoma. Fedha hizo Mwalimu na mkewe walikuwa wameziweka akiba kwa kununua mabati, maana nyumba yao ilikuwa bado ya makuti. "Tukangoja miaka minne mingine," akasema mama yule, wala sauti yake haikuwa na lawama. "Makuti hayana haraka. Mtoto wa shule ndiye mwenye haraka."

Nilitoka nje nikasimama uani. Niliyatazama mabati yale yaliyokuwa yakimeta kwa mbalamwezi, na haya ikanishika. Shule ile ndiyo iliyonipa cheti, na cheti ndicho kilichonipa kazi, na mshahara wa kazi hiyo ndio niliokuwa nimeutia katika bahasha nikadhani namlipa mtu kwa usumbufu wa siku saba.

Baba alinikuta pale uani. Hakunikemea. Alisema kwamba mwaka ule wa 2001, alipopata nafuu, alituma fedha za kwanza za kulipa, lakini Mwalimu alizirudisha pamoja na barua. Barua ile alikuwa nayo ndani ya Biblia yake, imekunjwa hata mikunjo imeanza kukatika. Maneno yake yalikuwa machache: fedha usirudishe, deni hili utalipa kwa miguu, njoo na mkeo, mle wali wangu, nami nikuonyeshe bahari. Nikamwuliza baba kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akajibu, "Mtoto akijua kwamba anasoma kwa mabati ya mtu, atasoma kwa hofu. Nilitaka usome kwa akili." Baada ya kitambo akaongeza, "Na mimi pia niliona haya. Deni la miguu ndilo jepesi kuliko yote, nami niliacha likakaa miaka 18."

Ndipo nikafahamu sababu ya kukataa nyumba ya wageni. Kama tungelala huko na kuja Rabai mchana kusalimu tu, deni lisingelipwa. Kulipa kwenyewe kulikuwa ni kula, kulala, na kuonyeshwa.

Asubuhi tuliagana. Mama alipewa nazi 20, na kuti moja alilolisuka mwenyewe alilikunja akalichukua kwa ukumbusho. Mwalimu alisimama mlangoni, kama alivyotupokea. Baba akamwambia, "Bwana Mwalimu, nimelipa." Mwalimu akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, akainua mkongojo kama anayegonga ubao, akasema neno moja, wazi kabisa: "Sahihi."

Hiyo ndiyo mara yao ya mwisho kuonana. Mwalimu alifariki mwezi wa Mei mwaka 2020. Msomaji atakumbuka hali ya siku zile za ugonjwa wa korona: serikali ilikuwa imezuia watu kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale, na mazishi yaliruhusiwa kwa jamaa wachache tu. Baba, aliyesema kwamba asipokwenda atakwenda kumzika, hakupata hata kumzika. Siku ya mazishi alikaa chini ya mwembe wake na simu sikioni, akasikiliza ibada kutoka Rabai mpaka ilipokwisha. Nilihofu kwamba atavunjika moyo. Lakini jioni alimwambia mama, "Tulikwenda," na mama akaitikia, "Ndiyo, tulikwenda." Nadhani neno hilo moja liliwafariji kuliko hotuba yo yote.

Mwezi wa Desemba mwaka 2021 nilikwenda Rabai tena, safari hii na mke wangu na watoto wetu wawili, pamoja na baba na mama. Mjane wa Mwalimu alitupikia wali, na mama yangu akaingia jikoni bila kukaribishwa, kama mtu wa nyumbani. Wale watoto niliwaeleza habari ya mabati. Labda baba hangependa niwaambie mapema vile, lakini nimeona kwamba katika ukoo deni lisilotajwa husahauliwa, na wakisahau wao hatakuwako wa kulikumbuka.

Ndugu msomaji, uwe mkulima au karani, yaelekea wazee wako wana rafiki mahali fulani, na yaelekea mwaka hata mwaka hutajwa wakati wa chakula kwa neno, "Siku moja tutakwenda." Twachanga fedha nyingi kwa mazishi, twakodi mabasi na mahema, na watu waliokuwa wakitamani kuonana hukutana siku ambayo mmoja wao hawezi kuitikia salamu. Nauli ya gari la moshi ni ndogo kuliko bei ya jeneza. Wala usiwatafutie wazee hoteli kwanza. Waulize ni nani aliyewaalika, na ni tangu mwaka gani, kisha uwabebee mizigo. Huenda ukakuta, kama mimi nilivyokuta, kwamba ulidhani wawapeleka kutazama bahari, kumbe wao ndio wanaokupeleka kuonyeshwa mtu aliyekusomesha.